UDONGO WETU NA ASILI YAKE

Wanachama wenzetu, mazao tuyapimayo mizanini huanzia udongoni. Kwa hiyo twapenda kueleza kwa ufupi asili ya udongo wa Issuna na jirani zake.

Ulaya ya kaskazini ziko ardhi za changarawe zituamazo maji; changarawe hizo zililetwa na maji ya barafu iliyoyeyuka zamani sana. Changarawe yetu haikuletwa na barafu. Imetokana na mawe ya itale ya vilimani, yaliyolikwa na jua na mvua.

Katika miaka ya 1930, Bwana Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alionyesha ya kuwa udongo hufuatana kama mnyororo kutoka kilimani hata bondeni. Juu hukaa mchanga upitishao maji; mteremkoni, changarawe na tabaka gumu lizuialo maji; chini, mbuga nyeusi, inatayo masika na kupasuka kiangazi.

Kutouliza udongo kuna gharama. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Kiangazi ardhi ikawa ngumu kama saruji, vyuma vya kulimia vikalika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Basi, kabla ya kukopa mbegu, tuchimbe shimo la kimo cha goti. Tukiona maji yametuama juu ya changarawe, tusipande alizeti pale bila matuta na mifereji. Mkopo uliopandwa mahali pasipofaa hubaki deni la mwanachama na hasara ya chama kizima.