Osteoporosisi: Uvungu wa Mifupa na Uwezekano wa Kuvunjika

Neno osteoporosisi limeundwa kwa Kigiriki, osteon likiwa mfupa na poros likiwa kitundu, na aliyeliingiza katika tiba ni Jean Lobstein, tabibu wa Strasbourg, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Jijini Bujumbura daktari huliandika kwa Kifaransa, ostéoporose, lakini mgonjwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu zamani, ataelewa zaidi akiambiwa ana udhaifu wa mifupa. Tafsiri hiyo inaeleweka, ila ni pana mno, kwani hata matege ya mtoto ni udhaifu wa mifupa, ingawa chanzo chake ni kingine. Osteoporosisi ni mfupa kuliwa ndani kwa ndani, mfano wa punje ya hindi iliyobunguliwa, ambayo ganda lake ni zima ilhali ndani pamebaki uwazi, na mwenyewe hasikii lolote mpaka siku anapojikwaa akavunjika kiwiko cha mkono au nyonga. Kwa sababu hiyo, uvungu wa mifupa ni istilahi iliyo karibu zaidi na maana.

Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani hutambua ugonjwa huu kwa kipimo cha eksirei, pale msongamano wa madini ya mfupa unapokuwa chini ya wastani wa vijana kwa michepuko sanifu 2.5 au zaidi. Hata hivyo, kikokotoo cha FRAX, kinachokadiria uwezekano wa mfupa kuvunjika, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008 kwa watu wa miaka 40 hadi 90, kinaweza kufanya kazi bila kipimo hicho, kwa kuuliza umri, uzito, mifupa iliyokwisha kuvunjika, mzazi aliyevunjika nyonga, sigara, pombe, baridi yabisi na dawa za steroidi. Jibu lake lisiitwe hatari, neno linaloashiria jambo lililokwisha kumkabili mtu, bali uwezekano: 10 kwa mia maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wa hali hiyo, takriban 10 watavunjika katika miaka 10 ijayo.

Ugumu mkubwa umo katika maswali yenyewe. Kikokotoo huhesabu aina moja tu ya baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, ilhali mtaani jina hilo hubeba kila maumivu ya magoti ya uzeeni. Nayo nyonga wengi huiita kiuno. Basi anayeuliza na aiguse nyonga yake anapoitaja, wala asiandike “ndiyo” kwa baridi yabisi kabla ya kujua ni viungo gani vinavyovimba, na tangu lini.