Kiprugut Chumo: Shujaa wa Kericho aliyeifungulia Kenya mlango wa Olimpiki

WILSON Kiprugut Chumo, aliyezaliwa mwaka 1938 huko Kericho, eneo lisifikalo kwa majani chai, ndiye Mkenya wa kwanza kutwaa nishani ya Olimpiki. Hata hivyo, jina lake hutajwa kwa nadra likilinganishwa na la Kipchoge Keino au Naftali Temu, kwani hakujaliwa kupata dhahabu katika michezo hiyo.

Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka 1956, kisha Roma mwaka 1960, na mara zote mbili ikarejea mikono mitupu. Michezo ya Tokyo ya Oktoba 1964 ilipofika, taifa lilikuwa halijatimiza mwaka mmoja wa uhuru.

Katika fainali ya mita 800, Kiprugut, aliyekuwa mwanajeshi, alijikwaa kwenye mguu wa George Kerr wa Jamaika, akapepesuka. Alijikaza akamaliza wa tatu nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Yeye na Kerr walipewa muda sawa wa dakika 1 na sekunde 45.9, lakini shaba ikawa ya Kiprugut. Hiyo ndiyo nishani pekee ambayo Kenya ilipata Tokyo.

Mwaka 1965 alinyakua dhahabu za mita 400 na mita 800 katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville. Mwaka uliofuata alipata fedha ya yadi 880 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston.

Mjini Mexico City mwaka 1968, aliongoza sehemu kubwa ya fainali ya mita 800 kabla ya kupitwa na Ralph Doubell wa Australia karibu na utepe. Ilimlazimu Doubell kuifikia rekodi ya dunia ya Snell, dakika 1 na sekunde 44.3, ndipo amshinde. Kenya iliondoka huko na nishani tisa, zikiwemo dhahabu za Temu, Amos Biwott na Keino.

Kiprugut aliaga dunia Novemba 1, 2022, akiwa na umri wa miaka 84. Uwanja wa michezo mjini Kericho ulipewa jina lake, na kila kijana anayekimbia humo anafuata njia iliyoanza kwa mtu aliyepepesuka lakini asianguke.