Bombomu: bunduki ya Maxim na swali la mkusanyaji

Katika mtaa wa wauza vito wa Hatton Garden, hapa London, kuna kibao cha buluu ukutani ambacho wengi wetu hupita bila kukisoma. Kinaeleza kwamba Hiram Maxim alibuni na kutengeneza bunduki yake katika karakana iliyokuwa hapo. Hiyo ilikuwa miaka ya 1880. Maxim, mzaliwa wa Marekani, aliona kwamba teke la bunduki, ambalo huumiza bega la mpigaji bure, laweza kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Bunduki ya Gatling ya 1862 ilihitaji mtu azungushe mpini. Hii ilihitaji kubonyezwa tu, ikatoa risasi kama 600 kwa dakika, mtutu wake ukipozwa kwa maji.

Leo bunduki hizo ni mali ya wakusanyaji. Uingereza, mkusanyaji wa kawaida hutosheka na iliyozimwa, yaani iliyoharibiwa isiweze kupiga tena. Marekani, sheria ya 1986 ilizuia raia kusajili bunduki za rashasha zilizotengenezwa baada ya hapo, kwa hiyo za zamani zimekuwa adimu na ghali mno. Mkusanyaji huuliza: ni ya kiwanda gani? Namba za vipande vyake zinalingana? Bomba la maji ni lile la mwanzo? Si maswali mabaya. Bila watu hao, vyuma vingi vingekwisha yeyushwa.

Ila sisi tuna swali moja zaidi: ilielekezwa kwa nani?

Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge. Waliamini dawa ya maji ingezishinda risasi. Bomani mlikuwa na Wajerumani wachache, askari Waafrika, na bunduki mbili za rashasha. Waliotangulia walianguka kwa wingi. Baadaye wapiganaji waliacha kuyakabili maboma uso kwa uso, wakawa wanavizia. Wajerumani nao wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wako wanahistoria wanaofikia 300,000.

Orodha za mnada hutaja kiwanda na mwaka. Majina ya walioanguka Mahenge hayamo. Lakini Kiswahili kilibakiza kitu: kamusi zetu zina neno bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Ni neno la mlio, na mlio huo waliujua zaidi waliokuwa mbele ya mtutu.

Kwa hiyo ukikuta Maxim nyuma ya kioo cha makumbusho, soma maelezo yake. Yakiishia kwenye kasi ya risasi, waandikie wahifadhi uwaulize ilipigana wapi. Mkusanyaji makini hatakasirika kuulizwa hivyo, kwani naye hutafuta nyaraka za safari ya silaha yake. Safari nyingine zilipita kwetu.