Mkazo na silabi katika jina la sheria moja ya Uholanzi

Mwaka 1966 Bunge la Uholanzi lilipitisha sheria ya bima kwa wafanyakazi wasioweza tena kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1967, na bima yenyewe ikatajwa kwa neno moja lenye silabi kumi: ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring.

Neno hili limeundwa kwa arbeid (kazi), ongeschiktheid (hali ya kutofaa) na verzekering (bima). Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hata katika neno ambatani kama mwanachama. Nomino ambatani za Kiholanzi, kwa kawaida, huhifadhi mkazo mkuu katika sehemu ya kwanza. Kwa hiyo ar hubeba mkazo mkuu, na ze, silabi ya nane, hubeba mkazo hafifu zaidi. Sauti huinuka panapotajwa kazi.

Sehemu hizo zimeunganishwa kwa s mbili zenye asili tofauti. Ya kwanza ni masalio ya uhusika milikishi wa kale, ambao ulifanya kazi inayokaribia ile ya -a unganifu: arbeids ilimaanisha “ya kazi”. Ya pili haina nasaba hiyo, kwani nomino za kike zenye -heid hazikuchukua s ya umilikishi. Iliingia kwa kuigiza maneno mengine, hata alama ya sarufi ikageuka kuwa kiungo tu.

Vinywani mwa watu sheria hiyo ilifupishwa kuwa WAO, herufi tatu zinazotamkwa mojamoja, mkazo ukiwa kwenye ile ya mwisho. Serikali ilipokusudia kupunguza mafao, wafanyakazi wengi waliandamana Den Haag mwaka 1991, nayo WAO ikawa jina la mgogoro mzima wa kisiasa.

Kuanzia tarehe 29 Desemba 2005 sheria mpya, WIA, ilianza kuchukua nafasi yake kwa madai mapya. Jina lake kamili lina neno arbeidsvermogen, yaani uwezo wa kufanya kazi. Mkazo umebaki palepale, juu ya ar, na s ya kale ingali mahali pake. Kilichobadilika ni sehemu inayofuata: aliyepimwa kwa kile asichokiweza, sasa hupimwa kwa kile anachokiweza bado. Sarufi ilihifadhi umbo. Siasa iligeuza maana.