Hedifoni za zamani zilikuwa na tundu la pili

VITU VYA NYUMBANI NA HISTORIA YAKE: Sehemu ya 7

Baada ya ile sehemu ya pasi ya mkaa wengi mliomba redio kaseti. Redio haienei kwenye posti moja, kwa hiyo leo nachukua kipande chake kimoja tu: hedifoni. Zile za zamani, zenye utepe wa chuma kichwani na sponji masikioni, ambazo sponji ikichanika ulikuwa unaendelea kuvaa hivyo hivyo.

Tuanzie jikoni. Mwaka 1910 jeshi la majini la Marekani lilipata hedifoni kutoka kwa mtu wa Utah aliyeitwa Nathaniel Baldwin. Wakazijaribu, wakaona zinasikika vizuri kuliko vifaa walivyokuwa navyo, wakataka nyingi. Baldwin akawajibu kwamba hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu anatengenezea jikoni kwake. Jeshi zima linasubiri jiko la mtu! Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja akapata kiwanda, na redio zilipoingia majumbani miaka ya 1920 jina la Baldwin lilikuwa kubwa kweli. Halafu mambo yakaharibika. Kampuni ikafilisika, na mwaka 1930 mwenyewe akafungwa kwa kosa la udanganyifu kupitia posta. Leo ukitaja Baldwin, hata wauza hedifoni hawamjui. Kulikuwa pia na Brandes wa kule kule Marekani, nao walikuwa wakubwa enzi hizo. Wamekwenda.

Kwa nini watu wa miaka ya 1920 walihitaji hedifoni kusikiliza redio? Kwa sababu redio ya bei nafuu wakati huo ilikuwa ya kipande cha jiwe la madini. Haikuwa na betri wala haikuchomekwa kwenye umeme. Nguvu yake yote iliitoa kwenye mawimbi yaliyonaswa na waya wa antena, na nguvu hiyo ni ndogo mno, haiwezi kusukuma spika. Inatosha kutikisa kibati chembamba kilichokaa karibu kabisa na sikio, basi.

Sasa fikiria nyumba yenye watoto watano na hedifoni moja. Wengine waliitenganisha, kila mtu akashika upande wake. Wengine waliilaza ndani ya bakuli katikati ya meza, bakuli likakuza sauti kidogo, na familia nzima ikainamisha vichwa na kunyamaza. Jaribuni kuweka simu inayopiga muziki ndani ya bakuli la udongo mtaelewa. Kwangu mimi hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote kwenye historia hii: kifaa cha mtu mmoja, watu wakakilazimisha kiwe cha wote.

Hospitalini mambo yalikuwa kinyume chake. Huko shida haikuwa sauti ndogo, shida ilikuwa watu wengi kwenye chumba kimoja. Mwaka 1925 hospitali ya mji wa York, Uingereza, iliweka hedifoni kwenye vitanda 200 hivi ili wagonjwa wasikilize ibada na matangazo ya michezo. Aliyewahi kulazwa wodi ya wazi anajua maana yake. Mmoja katoka kupasuliwa anataka kulala, wa pembeni anataka mpira. Mimi ni muuguzi, nimepiga zamu za usiku ambazo simu tatu zinaimba nyimbo tatu tofauti, kwa hiyo hao watu wa York nawaheshimu sana.

Na ni hospitali hizo hizo zilizomtoa mtu aliyefanya hedifoni iwe kitu cha muziki nyumbani. John Koss wa Milwaukee, Marekani, alipooa walipewa pesa ya zawadi ya harusi ili wanunue kochi. Kochi halikununuliwa. Pesa ile ikaingia kwenye biashara ya kukodisha televisheni kwa wagonjwa waliolazwa, mwaka 1953. (Najua mnachofikiria, hata mimi ningeuliza kochi langu liko wapi.) Mwaka 1958, akiwa na fundi wake Martin Lange, akapeleka kwenye maonyesho gramafoni ya kubebeka, ambayo unaweza kuisikiliza peke yako bila kumsumbua mtu. Wakaiwekea hedifoni kama nyongeza tu. Watu wakaiacha gramafoni, wakaing'ang'ania ile nyongeza.

Hadi hapo hedifoni kwa sehemu kubwa zilikuwa za kazi: waongoza simu, marubani, wanajeshi. Zilitakiwa zitoe maneno, siyo muziki. Mwaka huo huo santuri za stirio ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia madukani, ngoma inasikika upande huu na gitaa upande ule, na Koss akawawekea watu pande zote mbili masikioni. Akaziita SP-3. Kampuni ya Koss bado ipo, na hedifoni yao ya mwaka 1984 inayoitwa Porta Pro bado inauzwa karibu vile vile ilivyokuwa.

Wajerumani wa Sennheiser wakaja na HD 414 mwaka 1968, yenye sponji za njano. Kabla yake hedifoni nyingi za muziki zilikuwa nzito na zimeziba sikio kama kifuniko cha sufuria. Hii ilikuwa wazi: sauti inaingia sikioni, nyingine inatoka nje, na wewe bado unasikia mlango ukigongwa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10.

Sasa tufike kwenye lile tundu. Tarehe 1 Julai 1979 Sony walianza kuuza Walkman Japani. Hedifoni yake ilikuwa na uzito chini ya gramu 50. Wakati kinatengenezwa, mkubwa wa kampuni, Akio Morita, alikichukua akaenda kukijaribu nyumbani. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba mke wake alikereka. Mume amekaa pale pale sebuleni lakini hayupo, ukimsemesha hakusikii. Morita akaagiza kiwekwe tundu la pili la kuchomekea hedifoni, ili wawili wasikilize kaseti moja. Na kikawekwa kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza muziki unashuka na kipaza sauti kidogo kinawaka, mnaongea huku mmevaa. Walkman ya kwanza iliingia dukani na vyote viwili.

Havikudumu. Watu walinunua kila mtu ya kwake. Kitufe kikaondolewa kwenye matoleo yaliyofuata, na baadaye tundu la pili nalo. Mwaka 2016 simu ya iPhone 7 ikatoka bila tundu hata moja.

Majina nayo yalipukutika. Aiwa, waliotengeneza kinasa sauti cha kaseti cha kwanza Japani mwaka 1964, walimezwa na Sony na jina likasimamishwa mwaka 2006, likaja kufufuliwa miaka kadhaa baadaye. Sanyo ilianzishwa mwaka 1947 na Toshio Iue, shemeji yake Konosuke Matsushita mwenye National. Mwishoni Sanyo ikanunuliwa na kampuni ya shemeji. National yenyewe tuliijua hata kwa betri zake zilizotengenezwa Dar es Salaam, zile tulizozianika juani zikiisha ili zirudishe uhai kidogo. Kampuni ya Matsushita iliamua mwaka 2008 kuitwa Panasonic, na jina National likaachwa.

Kuna jambo moja kwenye zile za sponji ambalo kama mama nalikumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Zilikuwa zinavuja. Mtoto akizidisha sauti, wewe uliyekaa naye kwenye kiti cha basi unasikia "tss tss tss" na unamwambia apunguze. Eafoni za siku hizi zinazoingia ndani ya tundu la sikio hazivuji. Mtoto anaweza kukaa mbele yako saa tatu, sauti iko juu kabisa, na wewe unaona mtoto mtulivu tu. Niseme haki: za kuziba zina nafuu yake, kwa sababu zinazuia kelele za nje na mtu hana haja ya kupandisha sauti kushindana na injini ya daladala. Tatizo ni kwamba mlinzi wa pembeni hayupo tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu mzima desibeli 80 kwa saa hizo hizo. Desibeli zikipanda, saa zinapungua haraka: kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda salama unakatika nusu. Vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na hatuna dawa ya kuvirudisha. Kwenye simu nyingi kuna mahali pa kuweka kikomo cha sauti na kukifunga kwa namba ya siri. Mkipaona wekeni leo leo, kabla hajaamka. Na mtoto anayesema "eee?" mara kwa mara, au anayelalamika masikio yanalia, mleteni apimwe, msimwite mkaidi kwanza.

Haya, nyumbani kwenu ilikuwa National, Sanyo au Aiwa? Mwenye picha ya redio au Walkman yenye matundu mawili aiweke hapo chini, nitazikusanya. Sehemu ya 8 ni kandili, Jumapili nikitoka zamu.