Kutoka kuchoma magazeti hadi kumwaga namba ya simu

Wadau, kila kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme wanahabari wa Kenya siku hizi wako huru. Uzi mfupi.

Usiku wa kuamkia Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia Standard na KTN, wakazima mitambo, wakachoma magazeti. Januari 30, 2018, KTN, NTV na Citizen zikatolewa hewani. Mahakama iliagiza zirudishwe, amri ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Lakini angalau hapo kulikuwa na wa kushtaki.

Sasa je? Ripota anatoa stori jioni, kufika usiku namba yake imemwagwa mtandaoni. Akiwa mwanamke ndio balaa: stori yenyewe hakuna anayeigusa, ni matusi ya mwili wake na picha za watoto. Akaunti mia, jina la kweli hata moja hakuna.

Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ina kifungu cha 27, faini hadi milioni 20 ama jela miaka 10. Mbona basi tunaosikia wakishikwa kwa sheria hiyo ni mabloga waliokosoa wakubwa?

Ripota mmoja ninayemjua aliacha siasa, sasa anaandika michezo. Hakuna aliyemfukuza.