Haki ya Kulala Karibu na Maji: Kayanzi na Newlyn

Kutoka Kinyamaseke hadi mwalo wa Kayanzi, kando ya Ziwa Edward magharibi mwa Uganda, mwendo si mrefu, lakini sheria ya ardhi inabadilika njiani. Huku juu, kwenye miteremko ya Rwenzori, mwenye jembe analima muhogo na maharagwe, na mwenye kiwanja anamrithisha mwanawe. Kule chini mwalo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mkazi wake anaruhusiwa kuvua, kuchuuza na kulala, ila kulima hapana. Ndizi anazokula zinashuka kutoka kwetu, na ngege tunaokula wanapanda kutoka kwake.

Katika ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, kwenye rasi ya Cornwall, ipo bandari ya Newlyn, ambayo gati yake kongwe ya mawe imesimama tangu karne ya 15. Jirani yake ni Mousehole na, upande wa pili wa rasi, St Ives. Huko bahari hupwa na kujaa, na kuta za gati zimejengwa nene kukabili mawimbi ya Atlantiki. Kwetu ziwa halipwi, mtumbwi huburutwa mchangani, na anayetisha usiku ni kiboko. Ukianza na tofauti hizi utaona hakuna cha kulinganisha. Anza na kazi, yaani nani anaamka saa ngapi, nani anamdai nani, nani anatia chumvi na nani anaruhusiwa kujenga, na bandari hizi zitaanza kuelezana. Hoja yangu ni moja: bandari ya wavuvi hufa siku mvuvi anapokosa mahali pa kulala karibu na maji, hata kama samaki wangalipo.

Tuanze na usiku. Katika Ziwa Edward na jirani yake Ziwa George nyavu za kutega hushushwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Wanaoingia majini ni baria, na mara nyingi mtumbwi si wao. Mwenye mtumbwi, au mwenye leseni, huenda hajagusa kasia miaka mingi, lakini fungu lake lipo. Kinachovuliwa huuzwa, gharama zikatolewa, na kinachobaki kikagawanywa. Usiku usio na samaki hauna mshahara, na asubuhi yake ni ya kukopa. Cornwall ya zamani ilikwenda hivyohivyo. Boti za tanga za Newlyn zilitoka machweo, kwa kuwa wavu usioonekana ndio unaonasa, na mapato yakagawanywa mafungu: la boti, la nyavu, la watu. Kijana asiye na wavu alipata fungu la mikono yake tu, kama baria wa Kayanzi. Pande zote mbili mvuvi hulipwa kwa bahati, na deni lake liko dukani, kwa mtu anayelala usiku kucha.

Tofauti iko kwenye mlango wa kuingilia kazi hiyo. Cornwall, aliyeweza kupata boti alivua. Katika Edward na George, tangu enzi ya ukoloni idadi ya mitumbwi imewekewa kikomo, kila mwalo na hesabu yake. Ziwa Victoria halikuwa hivyo: huko mwenye mtaji aliingia. Kwa hiyo kwetu leseni imekuwa mali kuliko mbao za mtumbwi, na anayeikosa hubaki baria maisha yake yote.

Samaki akifika nchi kavu, kazi hugeuka kuwa ya wanawake, na hapo ndipo mila hizi mbili zinapokaribiana zaidi. Utajiri wa Cornwall kwa karne nyingi ulikuwa dagaa wakubwa wa jamii ya sadini waliopita pwani kwa makundi kila mwaka. Juu ya majabali alikaa mlinzi wa kutazama bahari. Alipoona maji yamebadilika rangi alipiga kelele, mji mzima ukatoka, naye akawaelekeza mabaharia kwa kupunga matawi. Hata hivyo, kelele za mlinzi zilidumu saa chache, na chumvi ilidumu wiki nyingi. Wanawake na watoto waliwapanga samaki sakafuni, tabaka la samaki na tabaka la chumvi, hadi ukasimama ukuta. Baada ya takriban mwezi mmoja waliwaosha, wakawapanga kwenye mapipa na kuyagandamiza kwa mawe hadi mafuta yachuruzike. Mafuta yaliwasha taa, na samaki wakapelekwa Italia kuliwa siku za mfungo. Waliotia chumvi wengi walikuwa Wamethodisti, na waliokula walikuwa Wakatoliki.

Kwetu chumvi haikuhitaji meli. Katwe, hatua chache kutoka Ziwa Edward, kuna ziwa la chumvi ambalo biashara yake ni ya kale kuliko serikali zote zilizoligombea. Mwingereza Lugard alijenga ngome hapo mwaka 1891 akijua kwamba anayeshika Katwe anashika sehemu ya uchumi wa nchi nzima ya magharibi. Hadi leo wanawake husimama ndani ya maji makali ya vidimbwi wakikusanya chumvi, na wanaume hukata mawe ya chumvi kutoka chini ya ziwa. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi, hukaushwa na kufungwa mizigo, kisha safari ya kwenda Bwera, mpakani, inaanza. Siku za gulio la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, mizigo huvuka mto Lhubiriha kwenda Kasindi, upande wa Congo, na kutoka hapo makayabo, yaani samaki hao wa chumvi, yanapanda Beni na Butembo. Njia ya samaki wa chumvi imekuwa ileile pande zote mbili: mvuvi anavua anapoishi, ila sahani inayomlipa iko ng'ambo ya mpaka.

Hata namna ya kubeba inashangaza. Wanawake wa Newlyn walichukua samaki vijijini kwa kapu la mgongoni lililoshikiliwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso. Mtu wa Bwera akionyeshwa picha zao hatahitaji maelezo, maana mama wa Kikonzo anabeba kuni na muhogo kwa mkanda huohuo. Mwanamke mmoja wa Newlyn, Mary Kelynack, mwaka 1851 akiwa na miaka 84, alitembea kwa miguu mpaka London kutazama maonyesho makubwa ya dunia, na magazeti yakamfanya ajabu ya mwaka. Majirani zake huenda walishangaa kidogo tu, kwa kuwa maili zilikuwa sehemu ya kazi ya mchuuzi. Hapa tujisahihishe katika kusimulia bandari. Tunamwandika mvuvi na wimbi lake, huku aliyegeuza samaki kuwa fedha akiwa mwanamke aliyetembea.

Askari nao wana sura yao katika historia hizi mbili. Mei 1896 wavuvi wa Newlyn walioshika Jumapili walichoshwa na boti za Lowestoft, mashariki ya Uingereza, zilizovua siku ya mapumziko na kuwahi soko la Jumatatu. Walizivamia na kumwaga baharini samaki wapatao 100,000. Serikali ilileta wanajeshi kwa mamia kutuliza bandari. Kwa nje ulikuwa ugomvi wa dini. Kwa ndani ulikuwa ugomvi wa bei na wa muda: siku moja ya nyavu kavu ilimpa samaki nafasi, ikampa mvuvi usingizi, na ikazuia soko lisijae. Katika maziwa ya Uganda wanajeshi waliletwa mwaka 2017 kusimamia uvuvi, baada ya kamati za wavuvi za kila mwalo kusimamishwa mwaka 2015. Mitumbwi na nyavu zisizokubalika zilichomwa moto. Tazama jinsi bunduki ilivyogeuka: kule Newlyn ilikuja kumzuia mvuvi aliyetaka bahari ipumzike, na kwetu ilikuja kumlazimisha mvuvi aliache ziwa lipumzike. Matokeo yamefanana. Kanuni iliyolindwa na wavuvi wenyewe ikawa kanuni ya mgeni, na kanuni ya mgeni hufuatwa anapoonekana.

Mpaka wa majini unazidisha uzito. Sehemu kubwa ya Ziwa Edward, kama asilimia 70, iko Congo, ambako miji ya uvuvi inayotambuliwa ni Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Baria aliyekokotwa na upepo usiku anaweza kuamka upande usio wake, na gharama yake ni kukamatwa, kupoteza injini, au zaidi. Julai 2018 vikosi vya majini vya nchi mbili hizi vilirushiana risasi ziwani na watu wakapoteza maisha. Newlyn nao wananung'unikia boti za kigeni. Wengi walitaraji kwamba Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020 kungewarudishia bahari yao, na wakaona boti za Ufaransa zingali zinavua karibu na pwani. Lakini wao hulalamika mbele ya waziri na waandishi wa habari. Baria wa Kayanzi hulalamika mbele ya askari, kwa lugha ambayo huenda si yake, akiwa amekaa chini.

Sasa turudi kwenye kulala. Mwaka 1885 mchoraji Stanhope Forbes alionyesha London picha kubwa ya mnada wa samaki ufukweni Cornwall: mchanga umelowa, samaki wamelazwa chini, wanawake na mabaharia wanapatana. Wakati huo gati mpya za Newlyn zilikuwa ndiyo kwanza zinajengwa, na mji uliuza samaki mchangani kama unavyouza mwalo wowote wa Edward. Picha ile ilipendwa sana. Reli ilikuwa imeshavuka mto kuingia Cornwall mwaka 1859, ikitoa samaki kwenda London. Punde ikaanza kuleta watu wa London kutazama mahali samaki walipotoka. Wachoraji walikuja kwa ajili ya mwanga, wageni wakaja kwa ajili ya picha, na fedha zikaja kwa ajili ya nyumba. Leo nyumba nyingi za Mousehole na St Ives ni za watu wa likizo, na majira ya baridi madirisha mengi hayana taa. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali kwamba nyumba mpya ziwe za wanaoishi humo mwaka mzima. Kura hiyo iligusa nyumba mpya tu. Zile kongwe, zilizo mlangoni pa bahari, zilibaki sokoni kwa mwenye fedha. Newlyn bado inavua na mnada wake bado ni mkubwa, lakini kijana anayetaka kuwa baharia hushindana na daktari wa London kwa chumba cha kulala.

Kwetu mtalii hanunui nyumba ya Kayanzi. Mandhari imelindwa kwa njia nyingine, yaani kwa mpaka. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1952 na kupewa jina la Malkia mwaka 1954 alipozuru. Miji ya wavuvi ikabaki kama visiwa ndani yake. Watalii hupita kwa boti kwenye mfereji wa Kazinga wakitazama viboko, ndege, na mwisho wa safari mitumbwi ya kijiji cha wavuvi. Watu wa kijiji wanaongezeka, lakini mpaka uko palepale. Asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini hurudi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo, na fedha hizo hujenga madarasa. Hazimpi baria kiwanja.

Haki itendeke kwa hifadhi pia. Kikomo cha mitumbwi kimeyapa maziwa haya pumzi. Upande wa Congo umeonyesha gharama ya ulinzi kuvunjika: viboko wa Hifadhi ya Virunga, waliozidi 25,000 miaka ya 1970, walipungua chini ya 1,000 katikati ya miaka ya 2000, na wavuvi wa huko huunganisha upungufu huo na wa ngege, kwa kuwa kinyesi cha kiboko hurutubisha maji. Mnyama anayepindua mtumbwi ndiye pia anayelisha wavu. Cornwall haikuwa na ulinzi wa aina hiyo; samaki walipoacha kupita kwa wingi, kuta za chumvi zilibomoka moja baada ya moja, na kiwanda cha mwisho cha Newlyn kikafungwa mwaka 2005.

Kwa hiyo kila upande umehifadhi nusu. Cornwall iliacha soko liamue nani aishi kando ya maji, nalo likamchagua mtazamaji. Uganda iliacha sheria iamue, nayo ikamlinda samaki kuliko mvuvi. Pande zote mbili waliopenda mandhari walisahau kwamba mandhari ile ilitengenezwa na watu wanaoamka saa tisa usiku, na hakuna anayeamka saa tisa usiku akiwa anaishi saa mbili kutoka kwenye mtumbwi wake.

Sheria za uvuvi hupima jicho la wavu, urefu wa mtumbwi na idadi ya leseni. Zinahesabu kila kitu isipokuwa kimoja: mahali mvuvi anapolala. Halmashauri ya wilaya yetu ya Kasese na wenye hifadhi wangefanya jambo la maana wakianza kuandika, katika daftari lilelile la leseni, kiwanja cha anayevua: kisiuzwe kwa asiyevua, kimfuate baria hata asipokuwa na mtumbwi, na aandikiwe pia mama anayekausha samaki. Wa St Ives waliligundua hilo kwa kura, baada ya nyingi za nyumba zao nzuri kuondoka. Sisi bado tunaweza kuligundua kabla.